Majina Yote Yaligeuka Kijani

Moroni, Jumatatu, Machi 2008

Joto la leo halivumiliki. Mvua imetishia tangu alfajiri na haijanyesha. Simu za Mutsamudu, kisiwani Nzwani, bado hazipatikani, na redio inasema wanajeshi wanazidi kukusanyika kisiwa cha Mwali kabla ya kuvuka kwenda kuwashambulia waasi wa Nzwani. Naandika Kiswahili, lugha niliyoisomea Unguja, kwa sababu hapa nyumbani hakuna atakayeisoma kwa urahisi. Kuna jambo ninalolionea haya.

Wiki mbili zilizopita nilitengeneza ukurasa wa mtandao wa watu ambao jamaa zao hawana habari zao. Kila mtu ana kadi yake: jina, mtaa, neno jekundu "Anatafutwa", na kitufe. Habari ikija, nabofya kitufe na neno linageuka kijani: "Amepatikana". Kadi zilikuwa kumi na moja.

Bi Echati, jirani yangu hapa Magoudjou, huja kila asubuhi kukaa kando yangu. Mwanawe Nassur ni fundi umeme Mutsamudu. Hasomi sana, lakini jina la mwanawe analijua, na rangi anazijua.

Leo mmoja wa hao kumi na mmoja alipiga simu kutoka Fomboni, Mwali. Amevuka salama. Nikabofya kitufe chake huku simu ikiwa bado sikioni.

"Nassur!" Bi Echati akaruka. "Alhamdulillahi! Mwanangu!"

Nilipogeuka, alikwisha kutoka mlangoni.

Nikatazama skrini. Kadi zote kumi na moja zilikuwa kijani.

Nililiona kosa langu palepale. Nilikuwa nimeiambia programu itafute neno la hali katika ukurasa mzima, nayo ikayageuza yote. Nilipaswa kuiambia: anzia kwenye kitufe kilichobofywa, panda hadi kwenye kadi yake, kisha tafuta ndani ya kadi hiyo tu. Vitufe niliviongeza jana tu, nikajaribu kwa kadi moja peke yake, na kwa kadi moja kosa halionekani.

Nilipaswa kukimbia. Badala yake nilikaa dakika nzima nikitafuta namna ya kusema halikuwa kosa langu.

Nikamkuta mtaa wa Badjanani, kwa dada yake. Vigelegele nilivisikia tangu uchochoroni. Wanawake walikuwa wamemzunguka, mmoja ameshaanza kuchambua mchele.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Mashine ilikosea. Hapana, mimi ndiye niliyekosea. Nassur hatujampata."

Vigelegele vikakatika. Dada yake akaniita mtu asiye na huruma.

Bi Echati akaniuliza taratibu: "Amekufa?"

"Sijui, Mama. Hakuna habari yoyote. Kama jana."

Akakaa kwenye mkeka. Akajifunika uso kwa leso, na mimi sikujua niondoke au nikae. Nikaondoka.

Nyumbani nikaubadilisha ule mstari mmoja wa programu uliokosea:

$(this).closest('.kadi').find('.hali')

Nikasahau nukta mara mbili, kisha nikazirudisha kadi zote kuwa nyekundu.

Baada ya swala ya alasiri mlango ukafunguliwa. Alikuwa yeye, macho yamevimba. Hakunisalimia. Akavuta kiti chake.

"Bofya tena kitufe cha yule wa Fomboni."

"Mama, si lazima uone."

"Bofya, mwanangu."

Nikabofya. Kadi moja ikawa kijani. Kumi zikabaki nyekundu, na ya Nassur ni mojawapo. Mungu anisamehe, nilifurahi kuiona nyekundu.

Akagusa jina la mwanawe kwa ncha ya kidole.

"Sawa," akasema. "Sasa siku kadi hii itakapogeuka kijani, nitaamini."

Amekwenda zake. Kesho saa mbili atakuwa hapa, na nitakuwa nimeijaribu kila kadi, moja baada ya moja, kabla hajaketi.