Bloki ya Chuma ya Khalfan

Khalfan, yakhe,

Kwa heshima zote, na kwa niaba ya gereji nzima, yaani mie peke yangu, nakutangazia rasmi kwamba ovaroli yangu haifungi tena tumboni. Mafundi wenzetu wa hapa Ibra, Omani nzima, wameshapewa taarifa. Wamecheka.

Sasa ya maana. Gari yako ilibaki bila injini tangu ile ya zamani ilipopasuka kwenye kilima cha mchanga kule Bidiya. Uliapa utakipanda kwa injini mpya, yenye turbo. Maradhi yakakuwahi. Tulipokwisha kukuzika, nikawa nazunguka nyuma ya gereji nisiione. Kisha shemeji Zuwena, yumo ndani anakaa eda, akamtuma mamake: "Mwambie aimalize. Siiuzi."

Nikaurudia ugomvi wetu. Wewe na bloki yako ya chuma, kiwiliwili cha injini: "Turbo ikisukuma, hii haipindi." Mie na yangu ya alumini, nyepesi, mchanga hautaki mzigo. Ukanitazama tumbo: "Mzigo tunao tayari, bwana, wala si bloki." Basi bila wa kubishana naye, kushinda hakuna raha. Nikafunga ya chuma.

Silinda hedi, kile kichwa kinachokaa juu ya bloki, nikachagua mwenyewe. Nikanunua ya alumini, imeng'arishwa kama sinia la harusi, nikawaonesha watu wote. Halafu nikafanya ulivyonifundisha: nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta, nikaipaka chokaa. Mafuta yaliyojificha yakailowesha chokaa: baina ya valvu mbili ukajitokeza ufa, mwembamba kama unywele. Turbo ingeimaliza siku ya kwanza. Nikairejesha, nikachukua nyengine, imefubaa, sura kama yangu, lakini nzima.

Injini ilipowaka nikageuka kukuita. Nikaizima.

Eda ilipokwisha, Zuwena akataka twende Bidiya, mamake kiti cha nyuma. Ibra nzima sasa inajua kwamba mie niliipandisha gari mpaka juu, na sijamkanushia mtu. Wewe nakwambia ilivyokuwa.

Nusu ya kilima niliondoa mguu kwenye mafuta.

"Imechemka, shemeji?"

Nikasema imechemka. Mshale wa joto ulikuwa umetulia tuli. Macho yangu ndiyo yaliyojaa, sioni mbele. Akaniangalia kidogo.

"Teremka. Nipishe."

Akaishusha kinyumenyume mpaka chini, akakanyaga. Mamake akasoma kila dua anayoijua. Ikapanda, Khalfan, sauti moja, haikukohoa hata mara moja, mpaka juu kabisa. Mie nikaifuata kwa miguu, nahema, viatu vimejaa mchanga.

Nilipofika alikuwa bado kashika usukani, anaupapasa. Akanambia ulimfundisha wewe, kila Ijumaa, mie nikiwa nimelala mchana. Na hukunambia hata neno!

Haya, ndugu yangu. Mola akupe nafasi huko uliko. Oili yake nitaibadilisha mwenyewe, kwa mikono yangu, maadamu nina uhai. Usukani ni wa Zuwena.