Barua Iliyokaa Juu ya Moto

Jumatatu, 6 Aprili 1998
Nimechuma chai asubuhi, nikapeleka majani, mvua ikanikuta kwa foleni ya kupima. Nimelowa. Sijali. Leo nimeona karatasi zingine tatu za zamani: moja ya kuambia watu weusi wasipande basi, watembee, programu ya kanisa, orodha ya waliofungwa. Za Marekani, enzi walikuwa wanadai haki. Ni za marehemu Mwalimu, alienda kusoma huko akaishia kuandamana na kulala jela. Zimekaa miaka yote kwa tabut, ile dari ya juu ya moto, jikoni kwa mjane wake. Sisi tunamwita Gogo, yaani nyanya. Hapa Mogogosiek, juu ya sufuria ya ugali.

Jumapili, 12 Aprili
Pasaka. Gogo amenipa zote, na sharti moja: nimsomee barua ya jela. Mwalimu alimwandikia kwa Kikipsigis. Gogo hajui kusoma. Ilipofika, pasta aliisoma mbele ya baba mkwe na watu wote wa boma. "Niliangalia miguu yangu tu, mtoto wangu. Aibu. Sikusikia kitu." Mwalimu aliporudi, Gogo akaona haya kumuuliza iliandikwa nini. Nikamwambia nitamsomea Jumapili ijayo. Nilikuwa na haraka ya kubeba karatasi nyumbani.

Jumanne, 14 Aprili
Zimekuwa kahawia, zinanuka moshi. Nimezipangusa na kitambaa chenye maji kidogo, moja moja. Nimezifunga kwa nailoni, nikakaza kabisa, zikaingia kwa sanduku ya bati ya shule. Kufuli. Chini ya kitanda. Barua pia, bado sijaifungua. Ndugu yangu Kiprono ananicheka: "Sasa wewe utaandamana wapi? Kwa majani chai?" Acha acheke. Mama amechuma chai maisha yake yote na hakuna karatasi hata moja inasema alikuwako. Hizi hazipotei.

Jumapili, 26 Aprili
Sijaenda kwa Gogo. Wiki ya pili. Niliacha ile orodha ya waliofungwa nje ya sanduku, naifuata na kamusi. Majina, umri, kazi. Mfua nguo. Mpishi. Imenishika. Kanisani Gogo alikuwa ananitafuta na macho. Nilitokea mlango wa kando.

Jumapili, 10 Mei
Mvua kila siku saa nane. Sijaenda.

Jumamosi, 16 Mei
Nimefungua sanduku.
Ukungu. Kijani na nyeupe, kama mkate umesahaulika. Zimeshikana kuwa kitu kimoja. Wino imekuwa maji ya bluu. Nilijaribu kubandua na kisu, zikatoka vipande.
Moshi ndio ulikuwa unazikausha. Mtoto wa hapa anajua. Mahindi tunaweka wapi? Kuni tunaweka wapi? Mimi na akili yangu nikatoa kitu kikavu, nikakitia maji, nikakifungia.
Barua pia. Imepona orodha tu, ile niliyoacha nje.
Mimi ni mjinga. Sina neno lingine.

Jioni
Kiprono anasema nitunge. "Mtu wa jela angesema nini? Nakukumbuka, chunga ng'ombe, narudi." Ningeweza. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Gogo angelia, angeniombea, na mimi ningekuwa mwizi mara mbili.
Watu walipigwa kwa sababu ya hizo karatasi. Zikavuka bahari, zikafika salama. Zimekufa chini ya kitanda changu.

Jumapili, 17 Mei
Nimeenda, na vipande vya barua mkononi. Gogo alikuwa ameweka kiti mlangoni, penye mwanga. Bado amefunga kitambaa cha kanisa. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza kama kumebaki neno hata moja.
Moja. La juu kabisa, salamu. Nikamsomea: Chamgei.
"Chamgei mising," akajibu. Polepole. Hakuwa ananijibu mimi.
Alingoja kidogo, kama kuna neno lingine linakuja. Halafu akapanda stuli, akairudisha barua kwa tabut. Akaongeza kuni.
Nimekaa naye mpaka mvua ikaisha.