Mkia wa R

Jumatatu, 5 Machi 2001

Kadi arobaini kabla ya saa nne asubuhi. Kalamu imekauka, nimeazima ya mfamasia. Malaria, malaria, jeraha la risasi, malaria, mtoto wa Kalehe aliyevimba miguu.

Mwaka na nusu sasa tangu niache ubao wa shule na kuketi nyuma ya meza hii ya mapokezi. Hospitali inanenepa, mji unakonda. Kwanza mahema, halafu mabanda ya mbao, sasa matofali. Soko la mboga limekuwa maegesho ya magari ya wafadhili. Duka la vitabu limekuwa famasi, na jirani yake famasi nyingine. Fundi wa viti anatengeneza majeneza, na hajifanyi kuhuzunika.

Shule yetu ya msingi iko ng'ambo ya ukuta tu. Walimu watatu tumevuka. Mmoja ni mlinzi, mmoja anafua mashuka, mimi naandika kadi. Darasa langu la tatu alilichukua mwalimu mwenzangu Nsimire, akalichanganya na la nne lake. Hajawahi kunilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumatano, 7 Machi

Gestionnaire aliniita ofisini. Papa Déo, ndiye anayesimamia majengo na vifaa vyote. Tangi jipya linanyonya maji yote, wodi za juu zinabaki kavu. Kwa hiyo robinet ya ukutani, lile bomba la upande wa barabara ambalo mtaa wetu, avenue nzima, unachota, kuanzia kesho ni ya wagonjwa. Alihitaji kibao.

"Madame Béa, weye njo uko na écriture muzuri."

Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: nilifurahi kusifiwa mwandiko. Sikuuliza watu watachota wapi. Niliuliza brashi iko wapi.

*Robinet ya hospitali. Ni ya wagonjwa tu. Watu wa avenue hawaruhusiwi kuchota.*

Ile R niliipa mkia wake kamili, unaopita chini ya neno zima na kupinda mwishoni, kama Sista alivyotufundisha mimi na Nsimire tukiwa na miaka minane. Nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Ulitoka vizuri.

Alhamisi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Sisi wafanyakazi wa kike tulivaa vitenge, pagne za aina moja, gestionnaire akatupa Fanta. Ukutani, wanawake wa avenue walikuwa wakirudishwa na madumu yao, bidon tupu. Siku hiyohiyo. Hakuna aliyefanya kusudi, ndilo jambo baya zaidi.

Maman Zawadi, anayeuza mandazi getini, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Sasa ni kwenda kwenye chemchemi ya chini, karibu na ziwa. Kushuka si kitu. Kupanda na lita ishirini mgongoni, kamba kwenye paji la uso, ni habari nyingine.

Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa bidon moja kila mmoja tukitoka kazini. Nilibeba yangu. Niliifunika kwa ile pagne ya sherehe.

Ijumaa, 9 Machi

Watoto wa shule walipita kwenye kibao wakati wa mapumziko. Wakakisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata. Wanasoma vizuri. Wengine ni mimi niliyewafundisha herufi.

Halafu mmoja akapaza sauti: "Ni écriture ya Madame Nsimire! Muangalie ile R!"

Wote wakakubali. Wanaiona ubaoni kila siku. Maman Zawadi akaacha mafuta yake yaungue, akaja kutazama.

Katika darasa la Sista tulikuwa wengi. Vita vimewatawanya: Uvira, kambi za Kigoma, wengine wako udongoni. Katika mji huu tumebaki wawili tunaoandika R hivyo. Na Nsimire alionekana wiki hii akitoka kwa gestionnaire. Mimi najua alifuata nini. Aliomba ukuta mpya wa hospitali usizibe dirisha la darasa lake. Avenue haijui, ikajipa jibu lake yenyewe: anatafuta kazi hospitalini, ameanza kwa kibao.

Nilikuwa dirishani, hatua tatu tu. Ningeweza kuita. Nilifunga dirisha. Nilimwambia mfamasia ni mbu. Saa nne asubuhi, mbu.

Jumatatu, 12 Machi

Darasa la Nsimire limepungua nusu. Wazazi wamewazuia watoto. Tangu serikali iache kulipa, mwalimu anakula kwa kile wazazi wanacholeta. Ukimwondolea watoto, umeondoa sahani mezani.

Mama yangu yuko kwangu tangu akimbie shamba lake la Nyantende. Leo aliitazama bidon.

"Maji hii inatoka wapi?"

"Kazini, Mama."

Akanawa nayo mikono. Hakunywa. Sikumuuliza kwa nini, nilijua angenijibu.

Jumatano, 14 Machi

Nsimire alikuja na homa. Alipanga foleni kama kila mtu, sweta mpaka kidevuni. Alipofika mezani nilimuuliza jina. Jina! Mtu niliyelala naye kitanda kimoja bwenini, utoto wetu wote.

"Nsimire Rosalie," akasema, kama kwa mtu asiyemjua.

Nikaandika. Nilipofika kwenye Rosalie mkono ulisita. Nikaiandika R fupi, iliyosimama kama kijiti, bila mkia. Ikatoka mbaya, ya mtoto wa darasa la kwanza. Nsimire aliisoma kadi kutoka upande wake wa meza, kichwa chini miguu juu.

"Béa, mukia iko wapi?"

Nilimwambia aende chumba namba mbili, daktari anamsubiri. Akaenda.

Anajua. Bila shaka alijua tangu siku ya kwanza, kwani yeye hakuandika, na tuko wawili. Amewaacha watu wamtukane siku tano akinisubiri mimi. Mimi ni mwoga. Sina neno lingine la kujiita.

Alhamisi, 15 Machi

Kadi hamsini na mbili. Sijasema.

Ijumaa, 16 Machi

Gestionnaire amesikia kwamba darasa la Nsimire liko tupu. Anataka chumba hicho kiwe ghala la dawa. Amemwandikia mkuu wa shule, kesho wazazi wataitwa waseme.

"Bale batoto banaweza kusomea fasi ingine," aliniambia. "Dawa haiwezi kulala inje." Si mtu mbaya. Nimeziona katoni koridoni, mvua ikizifikia. Kisha akaongeza kwamba ghala litahitaji mtu wa kulitunza, mwenye mwandiko unaosomeka. Akanitazama akitabasamu.

Darasa likifungwa, Nsimire atarudi kwa kaka zake Walungu. Barabara ya Walungu siku hizi, kila mtu anajua wanawake wanakutana na nini huko. Nilitoka ofisini nikijua haya yote, na bado nikajikuta nawaza meza yangu ya ghalani ningeiweka upande gani wa dirisha. Nimejichukia. Lakini niliwaza.

Jumamosi, 17 Machi

Mkutano ulikuwa darasani kwake. Wazazi walisimama, madawati ni ya watoto. Nsimire alikaa pembeni, homa bado machoni. Maman Zawadi alisema kwa niaba ya wote.

"Siye tulikupatia batoto betu, Madame. Na weye unatukatalia maji? Kila siku napanda ile mulima na mugongo yangu hii!"

"Haikuwa miye," Nsimire akasema.

Basi. Hakusema ni nani. Hakunitazama hata kidogo. Angenitazama, labda ningekasirika na kupata sababu ya kunyamaza.

Nilikuwa mlangoni, na vazi la kazi. Nilipita katikati yao. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni maneno yaleyale, kuanzia *Robinet*. Nikavuta mkia chini ya neno zima, nikaupinda. Chaki ikakatika nikiwa kwenye *avenue*, nikamalizia kwa kipande.

"Ni mkono huu," nilisema. "Nsimire hakujua kitu."

Maman Zawadi akanisogelea: "Kumbe njo weye! Na ile bidon chini ya pagne, unazani hatukukuwa tunaona?"

Mtu mmoja alicheka. Nikatoka bila kuaga. Nililia njia nzima, na nilijua nalia kwa ajili ya nafsi yangu tu.

Jumapili, 18 Machi

Nilijiandaa kwa matusi baada ya misa. Niliyataka. Badala yake wamekuja watu watatu nyumbani, kila mmoja na bahasha. Diploma. Barua ya maombi. Ikiwa gestionnaire ananisikiliza hivyo, basi niwasemee.

Wa tatu alikuwa Maman Zawadi, na diploma ya binti yake.

"Madame Béa, ile maneno ya jana tuache. Hata kufua, mutoto atafua."

Jana nilikuwa msaliti, leo ni mlango wa kazi. Sikuwalaumu. Kazi nyingine mji huu hauna. Nilichukua bahasha zote, na kila bahasha ilikuwa nzito kuliko tusi.

Nsimire hakuja.

Jumatatu, 19 Machi

Watoto wamerudi. Nimewasikia ng'ambo ya ukuta wakiimba majedwali ya kuzidisha. Gestionnaire ameliacha darasa, "kwa sasa". Dawa ziko koridoni chini ya turubai. Kazi ya ghala haikutajwa tena.

Nilimwomba afungue robinet asubuhi, saa moja tu. Akanionyesha wodi za juu, wanawake waliojifungua na ndoo tupu. Akataka niandike kibao kingine, cha geti la nyuma. Nilisema mkono unauma. Nilipaswa kusema hapana. Hata ujasiri wangu ni wa uongo.

Jioni nilishuka chemchemini na bidon yangu, kamba kwenye paji la uso. Nilipumzika mara nne kupanda. Wanawake walinipita, wakanisalimu. Mama alikunywa kikombe kizima.

Ijumaa, 30 Machi

Leo nilipata saa moja ya mapumziko, nikavuka kwenda shule na boksi la chaki. Wiki mbili nilikuwa natafuta sababu.

Dirisha la darasa limezibwa nusu na ukuta mpya. Ndani ni giza kidogo, watoto wanainamia sana daftari. Nsimire amepona. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za Mama, akaipokea chaki kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema, "Ilishaisha, Béa." Nadhani alisema kweli.

Kisha nikatazama ubaoni. Alikuwa ameandika somo la siku, ziwa na visiwa vyake. Herufi za chapa, moja moja, zimesimama bila kushikana, kama za gazetini. Kulikuwa na R tatu. Hakuna iliyokuwa na mkia.

Alinikuta nikitazama.

"Batoto banasoma hii mbio zaidi," alisema. Akageuka kufuta ubao.

Nilipita katikati ya madawati nikitoka. Daftari zote ni hivyo. Darasa zima.

Nimerudi kazini, nimeandika kadi kumi na nane. Sasa wagonjwa wamepungua kidogo, nje mvua inanyesha. Nimeandika R moja hapa pembeni ya ukurasa. Mkono bado unaijua.