Samaki Waliokosa Chini

Yoba, Gitega
12 Machi 2021

Dada yangu Zaituni,

Assalamu alaykum. Muyinga mmeamkaje, na mguu wa shemeji Juma umepoa? Sisi huku tuko, namshukuru Mola, ila kichwa changu hakiko sawa.

Tangu kabla ya msiba wa mama, nikiinamia cherehani nyumba inazunguka. Niliwaficha. Juzi nikikanyaga pedali nikaanguka na velo mbele ya soko, ndipo wakanipeleka kwa daktari. Akasema ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno, uzito wake ndio unatuambia chini ni wapi. Vyangu vimetoka mahali pake.

Salama wangu, yule anayesomea ualimu wa biolojia, akacheka, eti baba kawa samaki. Nikamuuliza samaki gani. Akanieleza kwamba wataalamu waliwahi kupeleka samaki wadogo angani, kule ambako kitu hakina uzito. Vijiwe vya masikio yao havikulemea upande wowote, basi wakawa wanaogelea kwa kuzunguka tu, juu hawaijui, chini hawaijui. Baadaye wakaufuata mwanga: kule unakotoka wakageuzia mgongo, wakatulia. Mi sikucheka. Nilitoka nikakaa uani.

Dada, siku ile tuliposhuka kaburini kumpokea mama, mimi kichwani na Houssein wa baba mdogo miguuni, wenzetu juu walitanda shuka kama desturi ya maiti ya mwanamke. Mwanga ukakatika. Nilipoinama, dunia ikapinduka. Mikono yangu haina uzito, na mama hana uzito. Nikamlaza hivyo hivyo. Houssein akaninong'oneza, kaka, mbona kama kibla iko mgongoni kwake. Nikamwambia anyamaze, mkubwa ni mimi, nani wa kunifundisha kumlaza mama yangu. Akanyamaza mpaka leo.

Shuka lilipoondolewa, mbao zimeshapangwa, nikachungulia kwenye upenyo wake, nikaona Houssein alisema kweli. Mama nimemlaza ubavu wa kushoto badala ya wa kulia. Watu walikuwa wanangoja. Nikaona haya, nikashika udongo nikatupia.

Sijamwambia sheikh. Wewe ndiye uliyemwosha na kumvika sanda, ukanikabidhi akiwa ametengenezwa vizuri, kwa hiyo ujue wewe kwanza. Ijumaa ijayo nitamwambia, na atakaloamua nitalifanya hata mbele za watu.

Sasa nikilala ubavu wa kulia, kitanda kinazunguka mpaka nashika ukuta. Nikigeukia kushoto, kinatulia. Basi nalala kama nilivyomlaza.

Wasalimie watoto wote, na shemeji. Houssein usimlaumu.

Mimi kaka yako,
Sefu