Mita ya Zawadi Iliposema Sifuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka, ila unijibu. Mimi ni mwanamke, fundi wa friji kubwa, zile za bucha na za maduka ya maziwa, kutwa natembea na mkoba begani kwa mteja huyu na yule, na kwa miaka tisa nimepima umeme kwa mita moja nzito kama tofali, inayonivuta bega mpaka mume wangu anasikitika kuliko mimi mwenyewe. Yeye ni fundi cherehani. Mwezi uliopita akaninunulia mita ndogo, nyepesi, ya bei nafuu, na hakuishia hapo, akanishonea ovaroli yenye mfuko wa kifuani alioupima kwa futi ili mita ikae humo bila kucheza, nikaivaa nikajiona bibi harusi, tofali nikaliacha nyumbani.

Wiki ya pili niko bucha, friji haigandishi, nikafungua kisanduku cha umeme, mita ikasema sifuri, nikapeleka mkono. Mzee ninayefanya naye kazi akanikamata mkono wa ovaroli: "Dada, una haraka ya kwenda wapi?" Akapima kwa mita yake, volti mia mbili na thelathini. Kumbe waya mmoja wa mita yangu umekatika ndani kwa ndani, unagusa na kuachia, nje unang'aa. "Hiyo ni ya betri za rimoti," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Tangu hapo natoka nyumbani na mita ndogo kifuani na tofali nimelificha mkobani chini ya matambara. Nikirudi mume wangu ananiuliza, "Fundi wangu, leo kamesema ngapi?" nami nataja namba yoyote inayonijia, hata siku ile ya sifuri nilimwambia mia mbili thelathini, akafurahi, "Umeona? Kadogo lakini kana akili." Sasa wifi yangu ameanza kazi ya kufunga nyaya majumbani, na mume wangu amesema Jumamosi atamchukulia dada yake mita kama hiyo hiyo. Nimwambieje bila kumvunja moyo? Na ipo mita ndogo ya bei ya kawaida isiyoua?

Fundi wa Baridi

*

Fundi wa Baridi,

Sijacheka, ingawa pale pa bibi harusi nilikaribia.

Mumeo alipima anachokijua, mfuko. Umeme ni wako, na wewe ndiye uliyepeleka mkono. Hata mita ya bei ghali hukatika waya. Anza kwenye soketi unayojua ina moto, pima kazi yako, kisha rudi kwenye soketi ile ile uone mita bado inasema kweli. Mimi nilijifunza kwa kuchokonoa redio za watu bila ruhusa, na somo hili nilipewa na umeme ulionirusha na ukuta ulionipokea mgongo.

Kisha huo uongo. Kazi yako yote ni kutaja namba kama ilivyo, halafu ukifika kwako unataja inayopendeza. Ulidhani unalinda moyo wa mtu. Sasa uongo wako unakwenda dukani kumnunulia wifi yako mita.

Udogo wa mita si kosa, zipo ndogo za maana na si ghali. Pale waya zinapochomekwa pawe pameandikwa CAT III na volti 600, ndiyo daraja linalohimili umeme wa kisandukuni, maana wewe unafungua visanduku vya umeme. Tafuta isiyo na tundu la ampea kabisa. Ampea za friji utapima kwa ile mita ya kubana waya kwa nje, na hapo kosa la kuchomeka waya tundu lisilo lake, likakulipukia mkononi, limepungua. Waya ziwe nene na laini. Palepale dukani iweke kwenye mlio, gusanisha ncha, kisha zikunjekunje waya. Mlio ukikatika, irudishe kwenye rafu, hata muuzaji akikununia.

Kwa mumeo, usihubiri. Leo akishaweka mkasi chini, mkabidhi ile mita, gusanisha ncha ilie, umwambie akunje waya mwenyewe. Itanyamaza mkononi mwake. Hapo mwambie habari ya bucha yote, na namba ya kweli. Atazikunja tena. Usikimbilie kumpoza, mtu aliyegundua amenusurika kuwa mgane ana haki ya kuhakikisha mwenyewe.

Jumamosi nendeni dukani watatu, na muuzaji aongee na wewe.