Mwalimu Asiyejibu

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba si kijana tena. Goti la mama limepoa? Na ile dawa ya kuchua niliyotuma, anaipaka au ameificha kabatini kama kawaida yake?

Ujumbe wako nimeupata. Unataka neno langu kama umhamishe mwanao shule muhula ukiisha, maana mwalimu mpya wa sayansi hafundishi, anawaacha watoto wafundishane, na kwa kigugumizi cha mtoto unaogopa wenzake watamfanya kichekesho. Basi huku nami nimeangukia mwalimu wa namna hiyohiyo.

Tunapiga plasta kuta za nje za sekondari moja, na jukwaa langu liko kwenye dirisha la darasa lake. Anaandika swali moja ubaoni, anawagawa wanafunzi makundi, kisha anakwenda kukaa nyuma. Wakimuuliza, anawarudishia: kwa nini, wewe unaonaje? Wamembatiza Kwanini. Mimi nilijiambia huyu hajui somo, anajificha nyuma ya watoto wa watu. Mkono ukipiga mwiko, jicho liko ndani. Fundi mkuu akanitania kwamba nimeishia kidato cha pili halafu nimejipa ukaguzi wa shule.

Siku moja akatoka nao nje. Kundi moja likaniuliza kwa nini namwagia maji plasta iliyokwisha kukauka. Nikawajibu ndivyo inavyofanywa. Msichana mmoja akasema shikamoo fundi, lakini hilo si jibu. Wenzake wakacheka. Nikamtazama Kwanini aeleze yeye, naye akawatazama wao. Nikahisi kuna mtu amewatuma wanichimbe, nipunguzwe kazini. Wakaomba nipige plasta vipande viwili kwenye ukuta wa nyuma, kimoja nikimwagie maji, kingine nikiache. Nikaona mtego kabisa: kikiharibika, lawama yangu. Nikagoma mpaka fundi mkuu aliporuhusu mwenyewe.

Baada ya wiki, kile kikavu kilikuwa na nyufa, ukikwaruza kwa ukucha kinamomonyoka. Makundi yakabishana mbele yangu. Huyu anasema jua, yule mchanga ulizidi, msichana wangu wa shikamoo akauliza mbona mchanga ni uleule. Mwisho wakafika wenyewe: saruji haikauki kama nguo, inahitaji maji ndipo ishikane. Kwanini akawarudisha darasani. Nami miaka yote nimemwagia kwa kuamriwa tu.

Hata hivyo sikumwamini. Nilidhani wale ni wasemaji wa kuzaliwa, na mwenye ulimi mzito kama mwanetu angebaki pembeni akichorachora daftarini.

Sasa nikwambie nilichoombwa nisikwambie. Jumapili mwanao alinipigia kwa simu ya shangazi yake, akanisihi nisikubali ahamishwe. Nikamtaka anieleze basi huyo mwalimu amemfundisha nini. Akaanza kunieleza kwa nini mlango wa chuma wa darasa lao hukwama mchana na asubuhi hufunguka bila shida. Akafika kwenye neno, likamng'ang'ania. Nikammalizia: kutu. Si ndivyo tulivyozoea wote nyumbani tangu akiwa mdogo? Akaniambia, bila hasira, mjomba subiri, nitafika mwenyewe, darasani huwa wananisubiri.

Nikasubiri. Ilichukua muda, dada, nusura nidhani simu imekatika. Akafika. Neno lake lilikuwa joto.

Nikabaki na simu sikioni, nikijiuliza ni maneno mangapi tumemwekea mdomoni ambayo hayakuwa yake.

Usimhamishe. Na akikwama mkiwa mezani, mwambie shemeji anyamaze, nawe unyamaze, hata chakula kipoe. Kuhusu Kwanini, bado namtilia shaka. Mtu anayejua jibu na kulibana hivyo sijamzoea, na jicho langu liko palepale dirishani.

Mbusu mama, mwambie dawa ni ya goti, si ya kabati. Usimgombeze mtoto kwa kunipigia.

Ni mimi mdogo wako,
Mzee wa Mwiko