Mawe Yaliyochorwa Juu ya Mawe

Kanyakine,
Imenti Kusini.
Tarehe 3 Machi 2025

Mpendwa binti yangu Gacheri,

Muga mono, salamu nyingi za kwetu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mumeo Paskali, na kwamba baridi ya Ufaransa haijawamaliza. Sisi hapa tunaamka. Goti langu la kulia linatangaza mvua kabla ya redio, na mama yako mdogo Karwirwa amevuna nduma kubwa hata zinashinda sufuria.

Utajiuliza kwa nini baba yako mdogo anakuandikia kwa kalamu na simu ipo. Ni kwa sababu humu mna neno ambalo sitaki liingie kwenye grupu ya familia. Mjukuu wangu Lydiah husoma kila kinachofika kwenye simu yangu kabla sijapata miwani. Hii nitaipeleka posta mwenyewe.

Kwanza, zile picha zako. Nilizipata zote thelathini na moja, pamoja na yale maelezo marefu. Binti yangu, hivyo ndivyo vitu vinavyokutoa kitandani Jumamosi? Nilidhani Ufaransa ni nchi ya makanisa makubwa, wewe ukanitumia vibanda. Hicho kikanisa cha Mtakatifu Roko kingetosha ng'ombe wanne. Na kumbe umeandika mwenyewe kwamba baada ya yale mapinduzi yao ya zamani kiliuzwa kwa mkulima, akafugia ng'ombe humo miaka themanini. Huyo mkulima peke yake ndiye aliyekuwa na akili.

Nimekitazama kwa jicho la fundi wa mawe. Mnara hakuna. Wameinua tu ukuta wa mbele, wakatoboa tundu juu, wakaning'iniza kengele moja. Madirisha ni membamba hata paka angelazimika kuvuta tumbo. Ukuta wa mashariki umezunguka kama chungu kilichokatwa katikati, na paa ni mawe bapa yaliyopangwa kana kwamba bati lilikuwa dhambi. Niliweka rula juu ya picha. Pembe ya kushoto imepinda. Fundi huyo ningemfukuza kabla ya chai ya saa nne.

Na ibada ni moja kwa mwaka! Mwezi wa nane watu wanakuja, wanaimba, wanakula, kisha kufuli. Unasema wazee wao waliweka nadhiri wakati wa tauni kwamba wakipona watajenga, nao wakapona wakajenga. Sawa. Lakini hapa kwetu ukikosa ibada Jumapili mbili, wazee wa kanisa wanakuja nyumbani kukuombea kwa sauti ili majirani wasikie.

Kilichonichekesha kuliko vyote ni kile ulichoandika mwisho. Eti Paskali na wenzake walimaliza likizo nzima wakibandua plasta ya simiti iliyopigwa na watu wa juzijuzi, ili warudishe chokaa. Eti simiti hufungia maji ndani ya ukuta wa mawe, ukuta ukakosa pa kupumulia, ukaumwa. Nilimsomea Karwirwa, nikamwambia wazungu wakishiba hutafuta kazi. Tangu lini ukuta ukapumua?

Sasa nikupe habari za huku. Unalikumbuka kanisa letu dogo la mawe pale juu ya mto, alilolijenga babu yako M'Murithi na wenzake, wakibeba mawe mgongoni kutoka bondeni. Linabomolewa baada ya Pasaka.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni Kathuri, yule mwenye duka la dawa za mifugo. Mtu huyu hajawahi kuweka jiwe juu ya jiwe maishani mwake, hata la jikoni. Alikwenda Embu kwenye harusi, akapitia Manyatta, akaona kanisa lenye vigae sakafuni na vioo vya buluu, akarudi mgonjwa wa wivu. Kwenye mkutano akasimama, mkono mmoja mfukoni, akasema: “Wazee, hii church imechoka. Ukuta ni maji matupu. Mawe yameoza. Tunataka kitu modern, na tiles, kama ile ya Manyatta.”

Watu wakapiga makofi. Jiwe kuoza! Jiwe ni ndizi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Walimu walikuwepo, tena wawili wana digrii, nao wakapiga makofi. Niliwadharau wote pale walipoketi.

Lakini na mimi nilinyamaza, Gacheri. Miaka arobaini na sita nimekula kwa tindo na nyundo, na nikakaa kimya kama mgeni. Neno ninaloogopa kwenye grupu ndilo hili: plasta ya simiti iliyo kwenye kanisa letu niliipiga mimi.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, mwaka wa tisini na nne. Kamati ya wakati huo ilitaka kanisa lionekane jipya. Nikafunika kuta zote kwa simiti, ndani na nje. Halafu, kwa sababu nilijiona fundi wa mafundi, nikachora mistari myeupe juu yake, pembe kwa pembe, ionekane kama mawe ya kuchongwa. Mawe ya kuchongwa yalikuwa chini yake! Baba aliyachonga kwa mkono wake, mimi nikayafunika nikayachora. Watu walikuja kutoka Nkubu kutazama, na mimi nilisimama mlangoni nikipokea sifa.

Babu yako alikuja na fimbo yake. Akagusa ukuta, akaniuliza, “Kaimenyi, umechora mawe juu ya mawe?” Nilimjibu kwamba mambo yamebadilika. Tangu siku hiyo aliketi nje wakati wa ibada, kwenye benchi karibu na choo, mpaka akafa. Sisi tulisema ni uzee.

Kwa hiyo maneno ya Paskali niliyoyacheka hayakuniacha nilale. Jumatatu iliyopita nilichukua tindo, nikaenda nyuma ya kanisa upande wa migomba, mahali Kathuri hafiki kwa sababu kuna matope. Niligonga kidogo tu. Plasta ikaanguka kipande kikubwa kama sinia, na nyuma yake maji yakachuruzika. Niliacha jiwe wazi siku nne za jua. Ijumaa nikarudi, nikaligonga kwa nyundo, likalia kama kengele. Jiwe zima kabisa. Na pembeni mwake kulikuwa na mikato mitatu midogo, alama ya baba. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Jumapili ya Matawi nitasimama mbele ya watu wote. Nitasema mawe hayajaoza, aliyeoza ni fundi. Kathuri atafurahi sana, na wale walimu watapata la kuzungumza mpaka Krismasi. Wacha wazungumze. Nimeyacheka mengi ya wenzangu, sasa wapate langu.

Lakini nikishabandua simiti, lazima niweke kitu mahali pake. Muulize Paskali wanachanganya vipi hiyo chokaa. Mchanga upi, kiasi gani, na huachwa siku ngapi kabla ya kutumika. Nipigie simu kabla ya Matawi, ongea polepole, kama tunazungumza habari za ng'ombe, Lydiah asishtuke. Mimi sijui. Baba alijua, na alikaa kwenye benchi lile miaka sita, nami nilipita mbele yake kila Jumapili nisimuulize.

Karwirwa anakusalimu, na Lydiah pia, ingawa hajui kilichoandikwa humu. Mpe Paskali mkono wangu, na umwambie nilitarajia kumdharau, kumbe namheshimu kidogo. Mungu wa babu yako akulinde ugenini, akupe mikono isiyochoka na sikio la kusikia wazee wakiwa bado hai.

Wako akupendaye bila kupunguza,
Baba yako mdogo,
Kaimenyi M'Murithi

Nimesahau: hata hivyo, ile pembe ya kushoto ya Mtakatifu Roko imepinda. Nimepima mara tatu.